Mbwa Mlangoni: Tutafute Chanzo Kabla ya Fimbo

Milango ya jikoni ya nyumba nyingi zinazofuga mbwa, iwe Kimara, Njiro au Ruiru, ina alama zinazofanana. Rangi imekwanguka kuanzia usawa wa goti kushuka chini, mbao imechimbika karibu na kitasa, na kama mlango ni wa chuma, kutu imeanza pale kucha zilipopita. Mwenye nyumba huita fundi. Fundi hupiga msasa, huziba mashimo kwa gundi na vumbi la mbao, hupaka vanishi. Mwezi hauishi, alama zimerudi. Hapo fimbo huchukuliwa, au pilipili husagwa na kupakwa mlangoni, au mbwa hufungwa mnyororo nyuma ya nyumba, na mwisho hutafutwa mtu wa kumchukua.

Safari hiyo yote inakosea tangu hatua ya kwanza, kwa sababu inatibu mlango. Mbwa hakwaruzi bure. Yupo anayekwaruza kwa kuwa amejifunza kwamba akifanya hivyo mlango hufunguka. Yupo anayekwaruza kwa hofu. Dawa za hawa wawili zinapingana, na anayempa wa pili dawa ya wa kwanza humzidishia maradhi. Yupo na wa tatu, anayekwaruza kwa kuwa mahali tulipomfungia hapakaliki; huyo nitamfikia mwishoni, maana tatizo lake ni letu zaidi kuliko lake.

Tuanze na aliyejifunza. Mwanasaikolojia wa Uingereza C. Lloyd Morgan, aliyefundisha Bristol, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1894 jinsi mbwa wake Tony, wa aina ya fox terrier, alivyopata kufungua geti la bustani. Mpita njia aliyemkuta Tony akiinua komeo kwa kichwa na kutoka barabarani angeapa kwamba mbwa huyo anaelewa komeo linavyofanya kazi. Lakini Morgan alikuwa amemtazama tangu mwanzo. Tony alikuwa na tabia ya kupenyeza kichwa kati ya nondo za uzio ili atazame barabara, na siku moja kichwa kikainua komeo kwa bahati, geti likafunguka. Bahati hiyo ilipojirudia mara nyingi, kidogo kidogo aliacha kuhangaika na nondo nyingine akawa anakwenda moja kwa moja penye komeo.

Miaka minne baadaye, mwaka 1898, Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio yake ya kuwafungia paka na mbwa katika masanduku ambayo milango yake ilifunguka kwa kuvuta kitanzi au kukanyaga kibao. Mwanzoni mnyama alikwaruza, akauma, akajipenyeza kila upande. Alipogusa kitanzi kwa bahati, mlango ulifunguka, akatoka, akala. Kila aliporudishwa sandukuni, matendo yasiyoleta kitu yalipungua na lile lililofungua mlango likabaki. Sehemu kubwa ya elimu ya jinsi kiumbe anavyojifunza kutokana na matokeo ya tendo lake ilianza hivyo, kwa wanyama waliokuwa wakikwaruza milango.

Nyumbani kwetu kitanzi hicho ni sisi. Mbwa anakwaruza, mtu anainuka, mlango unafunguka. Hata akifunguliwa kwa matusi, amefunguliwa, na kwa mbwa aliyeshinda peke yake uani hata sauti ya mtu anayegomba ni afadhali kuliko kimya. Baya zaidi ni kufungua mara moja moja. Charles Ferster na B. F. Skinner, katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1957, walionyesha kwa majaribio mengi kwamba tendo linalolipwa mara chache, bila mpangilio wa kutabirika, huchukua muda mrefu zaidi kufa kuliko lile lililolipwa kila mara. Ndivyo nyumba zetu zinavyoishi. Baba ameagiza asifunguliwe. Dada anafungua kwa sababu mtoto amelala na kelele zitamwamsha. Bibi anafungua kwa huruma mvua ikinyesha. Kila mmoja ana sababu njema, na wote watatu kwa pamoja wanampa mbwa somo moja: endelea, iko siku watafungua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihusu mbwa hata kidogo. Ni kikao cha watu wote wa nyumba, mlinzi akiwemo, kukubaliana kwamba mlango haufunguki kucha zikiwa juu yake. Unafunguliwa akishusha miguu na kunyamaza, mwanzoni hata kwa sekunde mbili tu, kisha tano, kisha mpaka aketi. Ni lazima watu waonywe mapema juu ya kitakachotokea: siku za mwanzo mbwa atazidisha. Atakwaruza kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko zamani, kwa kuwa kitu kilichokuwa kikifanya kazi kimeacha ghafla. Wengi hukata tamaa hapo, wakafungua, na hasara yake ni kubwa kuliko kama wasingeanza, maana sasa amejifunza kwamba mlango unataka nguvu zaidi. Nyumba isiyo tayari kuvuka siku hizo isubiri hadi iwe tayari.

Kumnyima jibu peke yake hakutoshi. Apewe njia nyingine ya kuomba. Tandika gunia hatua chache kutoka mlangoni na mfundishe kulala hapo: kila anapokaa juu yake, mtu atoke amsemeshe au ampe kipande cha chakula. Wapo wanaotundika kengele ndogo anayoigusa kwa pua anapotaka kutoka, na kwa mbwa anayelala ndani hiyo inafaa sana. Kinachosaidia kuliko yote ni kufungua kabla hajaomba. Mbwa anayejua kwamba saa kumi na mbili asubuhi na saa moja jioni mtu hutoka, kila siku, hana sababu kubwa ya kugonga saa nane mchana.

Hapa vitabu vingi vya Ulaya na Marekani vinatupotosha kidogo. Vimeandikwa kwa mbwa anayeishi ndani na anayetaka kutoka. Wa kwetu kwa kawaida yuko nje na anataka kuingia. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda huruhusiwa, lakini mate yake ni najisi nzito ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo makazi yake ni nje. Bara nako, nyumba nyingi zisizo za Kiislamu zimeshika utaratibu huohuo kwa ajili ya usafi. Sioni ubaya wake. Mbwa huishi vizuri nje akiwa na kivuli, maji, pakavu pa kulala na watu wanaomjali. Shabaha basi isiwe kumwingiza ndani, bali mlango uache kuwa mahali pekee penye neema katika maisha yake.

Tazama chakula chake kinatoka wapi. Ukoko wa wali, makombo ya ugali, vichwa vya samaki: vyote hutupwa kutoka mlango wa jikoni, wakati wowote vinapopatikana. Mlango huo unamlipa mbwa mchana kutwa, halafu tunashangaa kwa nini haondoki hapo. Hamisha sahani yake. Chakula kipelekwe upande wa pili wa uwanja, kwa saa maalumu, na mtu azunguke nacho kwa nje asipitie machoni pa mbwa pale jikoni. Sehemu yake unaweza kuitawanya kwenye majani, dagaa mmoja hapa mwingine pale, ili aitafute kwa pua. Kazi hiyo humchosha akili na kumtuliza, na haigharimu senti. Kati ya mabadiliko yote ninayopendekeza kwa mbwa wa nje, hili la sahani ndilo la kujaribiwa kwanza.

Mbwa wa pili ni wa habari nyingine. Huyu hukwaruza hasa wakati hakuna wa kumfungulia. Ushahidi umo mlangoni penyewe. Aliyejifunza hugusa mlango mmoja, sehemu ileile, watu wakiwepo, na akifunguliwa hutulia. Mwenye hofu hushambulia njia za kutokea: fremu, usawa wa kitasa, upenyo wa chini, wavu wa dirisha. Utakuta mate yamechuruzika, mkojo sakafuni japo alikwishafundishwa, kucha zimevunjika, pengine damu. Nyama uliyomwachia haijaguswa mpaka urudi. Acha simu ya zamani ikirekodi unapoondoka. Mara nyingi fujo huanza ndani ya nusu saa ya kwanza, nawe utaona kama anaomba au anatapatapa.

Hofu hii si deko. Mwaka 1998 József Topál, Ádám Miklósi na wenzao wa Budapest walichukua jaribio ambalo Mary Ainsworth alilibuni kuchunguza uhusiano wa mtoto mchanga na mama yake, wakalitumia kwa mbwa. Mbwa aliingizwa katika chumba asichokijua. Mwenye mbwa na mtu mgeni wakawa wanaingia na kutoka kwa zamu. Moja ya vitu walivyopima ni muda ambao mbwa alisimama mlangoni, na alisimama hapo zaidi pale alipoachwa na mgeni. Mbwa humtegemea mtu wake kwa namna inayofanana na mtoto anavyomtegemea mzazi, na kwa baadhi yao kuachwa ni dhiki ya kweli.

Katika nyumba zetu zenye watu wengi hofu hii hufichika kwa muda mrefu, kisha hulipuka maisha yanapobadilika. Watoto wanapelekwa shule ya bweni. Dada aliyekuwa akimlisha anarudi kwao. Familia inahama kutoka nyumba yenye uwanja kwenda ghorofani. Kisha huja Desemba: nyumba nzima inakwenda Moshi au kijijini kwa sikukuu, na mbwa anabaki Dar es Salaam na mlinzi ambaye hakuwahi hata kumgusa. Tukirudi Januari mlango umeliwa.

Tukirudi na kumkuta ameinamisha kichwa, masikio yamelala, mkia katikati ya miguu, tunasema anajua kosa lake. Alexandra Horowitz wa Barnard College, New York, alilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Sura ile ya kujutia ilionekana zaidi kwa mbwa waliokemewa, hata wale ambao hawakuwa wamekosa chochote. Mbwa anasoma hasira ya mtu aliye mbele yake sasa; haiunganishi na mlango aliouharibu saa nne zilizopita. Kumpiga wakati huo kunamfundisha kwamba kurudi kwa bwana wake nako ni kwa kuogopwa, na kesho ataachwa akiwa na hofu mbili badala ya moja. Naliandika hili nikijua fimbo imezoeleka mno kwetu: kwa mbwa mwenye hofu, fimbo ni chumvi kwenye kidonda.

Wala kumpuuza hakumsaidii huyu. Anachohitaji ni kujifunza, kwa hatua ndogo mno, kwamba kuondoka kwako hakuna hatari. Anza na dalili zinazomshtua. Chukua funguo, kisha keti tena. Vaa viatu, nenda ukapike chai. Fanya hivyo mara nyingi kwa siku mpaka mlio wa funguo usimwinue. Halafu toka, funga mlango, rudi kabla hajaanza kuhangaika, hata kama ni baada ya sekunde tano. Ongeza muda polepole: sekunde ziwe dakika, dakika ziwe nusu saa. Akivunjika katikati, umekwenda haraka. Rudi nyuma hatua moja. Usiage kwa mbwembwe wala usirudi kwa shangwe. Katika kipindi hicho asiachwe peke yake kwa muda mrefu, na hapa jirani, bibi au mlinzi aliyezoeshwa mapema ana thamani kubwa. Matembezi ya asubuhi kabla ya kazi husaidia pia, hasa akiachwa anuse njiani kwa utulivu wake badala ya kuvutwa.

Kwa wale ambao hofu yao ni kali, dawa zipo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha klomipramini mwaka 1998 na fluoksetini mwaka 2007 kwa mbwa wenye dhiki ya kuachwa, zote zikitolewa sambamba na mafunzo, si badala yake. Ni kazi ya daktari wa mifugo kuamua. Asithubutu mtu kumgawia mbwa vidonge vya binadamu kutoka kabati la nyumbani.

Hofu ya kelele ni ndugu wa hofu hii. Fataki za mkesha wa mwaka mpya, za Diwali katika mitaa kama Parklands, radi za masika: mbwa aliye nje hukimbilia mlangoni kwa kuwa ndani ndiko anakojua kuna usalama. Usiku kama huo afunguliwe stoo au veranda yenye kuta, awekewe gunia lake, na mtu akae naye. Wengi huamini kwamba kumliwaza mbwa mwenye hofu ni kumzidishia. Si kweli, hofu haiongezeki kwa kubembelezwa. Sheria ya kutofungua mlango ni ya mbwa anayeomba, si ya anayekimbia radi.

Kuna sababu za mwili pia. Dume hukwaruza geti kwa sababu jike la jirani limeingia kwenye joto, jambo linalotokea takriban mara mbili kwa mwaka, na kuhasi hupunguza sana tabia hiyo. Mbwa mwenye kuhara hawezi kusubiri. Mbwa mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu huzunguka usiku na kukwaruza hata upande wa bawaba. Kucha ndefu huzidisha madhara ya kila mkwaruzo. Zikatwe ncha tu, maana ndani ya ukucha mna mshipa wa damu.

Lipo moja ambalo halitaki mazoezi wala subira. Mbwa aliyekuwa mpole akabadilika kwa siku chache, akauma mbao, mawe au nondo za geti, sauti ikabadilika, mate yakamtoka, akashindwa kumeza au akayumba, achukuliwe kuwa ana kichaa cha mbwa mpaka daktari aseme vingine. Ugonjwa huu upo Tanzania na upo Kenya, na dalili zikishaonekana kwa mbwa au kwa mtu, kifo karibu hakikwepeki. Usimshike. Muwekee kizuizi ukiwa mbali, watoto waondolewe, aitwe daktari wa mifugo. Aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa penye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Mbwa achanjwe kila mwaka. Hakuna ulinzi wa bei nafuu kuliko huo.

Mlango wenyewe unahitaji maneno machache. Bati la alumini lililopigiliwa sehemu ya chini huuokoa wakati mafunzo yanaendelea, na halina madhara. Pilipili ina madhara: mbwa hulamba miguu, hujisugua macho, na maumivu huongeza mhangaiko. Oili chafu ya gari, ambayo baadhi ya watu hupaka, ni sumu. Rangi ya zamani nayo iangaliwe, kwani huenda ina risasi, na chembe zinazokwanguka humezwa na mbwa na huokotwa na watoto wanaotambaa. Mlango wa namna hiyo upakwe upya kwa rangi isiyo na risasi, na ile ya zamani ilowanishwe kabla ya kupigwa msasa ili vumbi lisiruke.

Sasa nimfikie wa tatu. Utaratibu wa miji yetu ni kumfungia mbwa bandani tangu alfajiri hadi saa mbili usiku, ndipo afunguliwe alinde. Banda lina paa la bati bila dari, liko juani, sakafu ina mkojo wa jana, kupe wamejaa kwenye nyufa. Mlango wake umechimbwa kwa kucha upande wa ndani kuanzia juu hadi chini. Ukiuliza, utaambiwa kwamba akizoea watu hatakuwa mkali. Imani hii imeenea na ni potofu. Mbwa asiyewahi kumwona mtu mchana hawezi kutofautisha mgeni na mwizi. Hubwekea upepo, paka na mwenye nyumba kwa sauti ileile, mpaka hakuna anayeamka akibweka. Ukali wake ni hofu, na mbwa mwenye hofu humng'ata mtoto wa nyumba kwa urahisi kuliko anavyomng'ata jambazi. John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965 kilichotokana na utafiti wa miaka mingi, walionyesha kwamba kipindi cha takriban wiki ya 3 hadi ya 12 ndicho mtoto wa mbwa anapojenga uhusiano na watu. Wetu wengi hukipitisha kipindi hicho ndani ya banda.

Kwa mbwa huyu hakuna zoezi la gunia wala la funguo litakalosaidia. Anachosema ni kweli: panaunguza, pananuka, na hana mtu. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 zinakataza kumtesa mnyama, na haifai tungoje polisi waje kutukumbusha. Weka dari ya makuti au mbao chini ya bati. Hamishia banda kivulini. Safisha sakafu kila siku, weka maji yasiyokauka, ogesha dhidi ya kupe. Kama wageni ni wengi mchana, jenga uzio wa ndani ili awe na sehemu ya uwanja badala ya sanduku, na kila siku mtu mmoja wa nyumba atoke naye matembezi, akiwa ameshikwa kamba. Na banda likiwa tayari ni zuri, mlango wake uachwe wazi saa nyingi kadiri inavyowezekana, ili aingie kulala kwa hiari yake. Msomaji mwenye mbwa aliyefungiwa namna hiyo, usingoje wikendi. Mfungulie leo jioni mapema, kaa naye uwanjani, na kesho mwite fundi aje kulishughulikia banda kabla ya mlango.